Mfungwa wa Lodwar aliyeziachia familia mzigo wa wazee

MNAMO Aprili 14, 1959, mfungwa mmoja mzee alikamilisha kifungo chake katika gereza la Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, lakini hakurudishwa kwao. Serikali ya kikoloni ilimhamishia Lodwar, makao makuu ya wilaya hiyo kando ya Mto Turkwel, ambako alitakiwa kukaa pasipo kutoka.

Huko alipewa nyumba na posho ya kujikimu. Mkewe, Mama Ngina, aliruhusiwa kuishi naye pamoja na watoto wao wadogo. Mfungwa huyo alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye miaka minne baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa Kenya na kisha Rais wake wa kwanza.

Kwa takriban miaka miwili, mtu huyo aliyekuwa amepita umri wa miaka 60 aliishi Lodwar kwa gharama ya hazina ya serikali. Nia ya wakoloni ilikuwa kumchunga, wala si kumtunza. Hata hivyo, alilipiwa makao na chakula nyumbani kwake katika wilaya ambayo wazee wenyeji, kutoka Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio, hawakuwa na sheria yoyote iliyoitaka serikali iwaangalie walipoishiwa na nguvu.

Alipotwaa madaraka, Kenyatta aliongoza taifa katika kutunga sheria za kwanza za akiba ya uzeeni na bima ya matibabu. Sheria hizo zilimfikia karani wa Nairobi na mfanyakazi wa bandari ya Mombasa, lakini mfugaji wa Lokichoggio alibaki nje. Swali la nani amtunze mzee asiyejiweza akiwa nyumbani kwake liliachiwa familia, na huko likakaa kwa muda mrefu baada ya Kenyatta kuaga dunia.

Kenyatta alizaliwa Ng'enda, Gatundu, katika eneo la Kiambu, katika miaka ya 1890. Tarehe kamili haikuandikwa. Aliitwa Kamau, mwana wa Muigai na Wambui.

Baba yake alifariki angali mtoto, na mama yake akarithiwa na Ngengi, ndugu ya marehemu, kama desturi ya Wakikuyu ilivyotaka. Mama naye alipofariki, Kamau alikwenda kuishi na babu yake, Kung'u wa Magana, aliyekuwa mganga. Kijana huyo alimsaidia mzee katika shughuli zake za uganga, na mzee akamlea.

Hivyo basi, tangu utotoni Kenyatta alifahamu namna ukoo ulivyomsitiri yatima na namna yatima alivyomhudumia mzee. Hapakuwa na ofisi wala fomu ya kujazwa. Fikra hiyo ya ukoo kuwa ngao ya mnyonge aliibeba katika maisha yake yote.

Mwaka 1909 alijiunga na misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alijifunza kusoma, kuandika na useremala, na mwaka 1914 akabatizwa kwa jina la Johnstone Kamau. Baadaye alipata kazi katika idara ya maji ya Nairobi, akajitosa katika siasa, na mwaka 1928 akawa katibu mkuu wa chama cha Kikuyu Central Association. Aidha, alihariri gazeti la chama, Muigwithania.

Chama kilimtuma London mwaka 1929 kupeleka malalamiko ya ardhi. Alirudi huko mwaka 1931 na kukaa Ulaya kwa miaka 15. Alisomea elimu ya jamii na mila katika chuo cha London School of Economics, chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu cha Facing Mount Kenya.

Katika kitabu hicho alieleza jinsi Wakikuyu walivyopanga maisha kwa familia, ukoo na rika. Mzee hakuonekana kuwa mzigo katika mpango huo. Kila umri ulikuwa na heshima na kazi yake, na mali ya familia ndiyo iliyokuwa dhamana ya chakula na makao ya wakongwe. Ulikuwa utetezi wa utaratibu ambao wakoloni waliudharau.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alifanya kazi ya shamba huko Storrington, kusini mwa Uingereza, na mwaka 1942 akamwoa mwalimu Edna Clarke. Mwaka huo huo ripoti ya William Beveridge ilipendekeza bima ya taifa itakayomkinga raia dhidi ya maradhi, ukosefu wa kazi na uzee. Kenyatta alipoabiri meli ya kurudi Kenya mnamo Septemba 1946, Bunge la Uingereza lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya bima hiyo.

Miezi michache baadaye Waingereza walipitisha sheria ya huduma ya afya ya taifa, ambayo pamoja na mambo mengine ilizipa serikali za mitaa uwezo wa kutuma wasaidizi wa kazi za nyumbani kwa wagonjwa na wazee. Mwaka 1948 walizitwika halmashauri wajibu wa kuwapa makao wazee wasiojiweza. Uingereza hiyo hiyo, katika makoloni yake, haikuona haja ya kuwatungia Waafrika sheria za aina hiyo. Kwa Mwafrika, walidai watawala, ukoo ulitosha.

Nyumbani, Kenyatta alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Kenya African Union mwaka 1947. Mnamo Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, na usiku huo Kenyatta akatiwa mbaroni. Kesi yake na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, ilisikilizwa Kapenguria. Aprili 8, 1953, Hakimu Ransley Thacker aliwahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa, lakini naye akawekwa kizuizini kwingine.

Lokitaung ilichaguliwa kwa sababu ya umbali. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mtu wa nje hakuweza kuingia bila kibali. Sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za pembezoni na ile ya mwaka 1934 ya wilaya maalumu ziliwapa maafisa wa utawala mamlaka makubwa juu ya watu na mienendo yao. Kwa wakoloni, eneo hilo lilifaa kwa ulinzi wa mpaka na kwa kuwaficha wapinzani. Shule na zahanati zilikuwa haba mno.

Gerezani, wafungwa walichimba mashimo na kuvunja mawe juani. Kutokana na umri wake, Kenyatta aliondolewa katika kazi hizo na kufanywa mpishi wa wenzake. Waruhiu Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China, aliletwa huko baadaye, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Maisha hayakuwa shwari, kwani wafungwa waligawanyika vibaya na hata jaribio la kumdhuru mzee huyo lilitokea.

Kwa hiyo hata jela ya kikoloni ilitambua kwamba mtu mwenye umri mkubwa hawezi kubebeshwa mzigo sawa na kijana. Hilo ni jambo dogo, lakini lina uzito kwa yeyote anayepima aliyoyafanya Kenyatta alipokuwa na kalamu ya kutia saini sheria.

Huko Lodwar, siasa zilimfuata. Katika uchaguzi wa Februari 1961, chama cha KANU kilishinda lakini kikakataa kuunda serikali kiongozi huyo akiwa angali kizuizini. Mwezi Machi ujumbe wa viongozi wa KANU na KADU ulisafiri hadi Lodwar kumwona. Mwezi Aprili alihamishiwa Maralal, na Agosti 1961 akarudishwa Gatundu akiwa huru.

Mwaka huo huo wa 1961, ukame na njaa viliikumba Turkana. Serikali ililazimika kulegeza masharti ya kuingia wilayani, na wamisionari wa Kikatoliki wakapata nafasi ya kupeleka chakula, kisha zahanati na shule. Kuanzia hapo, katika vituo kama Kakuma na Lodwar, misheni ilibeba sehemu kubwa ya kazi ambayo kwingine ilikuwa ya serikali.

Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu Juni 1, 1963, na Kenya ikapata uhuru Desemba 12 mwaka huo. Serikali yake ilitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Ilani ya KANU ilikuwa imeahidi elimu na matibabu ya bure, na matarajio ya wananchi yalikuwa makubwa.

Mwaka 1965 ahadi moja ilitekelezwa. Ada iliyotozwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya afya vya serikali iliondolewa, na watoto wakatibiwa bila malipo. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF. Mwaka 1966 likapitisha sheria ya Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF.

Hazina hizo zilitegemea hati ya mshahara. NSSF ilikusanya mchango wa mfanyakazi na mwajiri, na mchangiaji alipostaafu akapewa akiba yake kwa mkupuo. NHIF ilianza kwa kuwalazimu wenye mshahara wa Sh1,000 au zaidi kwa mwezi kuchangia, ili walipiwe gharama za kulazwa hospitalini. Waliojiajiri walifunguliwa mlango wa kuchangia kwa hiari mwaka 1972.

Mchungaji wa ngamia na mbuzi katika nyanda za Lokichoggio hakuwa na mwajiri wala mshahara. Utajiri wake ulitembea kwa miguu, na ukame mmoja uliweza kuufuta. Kwake, hospitali iliyolipiwa na bima ilikuwa mbali kama Nairobi yenyewe, na akiba ya uzeeni ilikuwa mifugo na wana.

Msimamo wa serikali ulielezwa katika Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ulioandaliwa chini ya Waziri wa Mipango Tom Mboya na kutolewa na dibaji ya Kenyatta mwenyewe. Waraka ulisifu desturi ya Waafrika ya kusaidiana na kutaka moyo wa familia uenezwe katika taifa zima. Kadhalika, ulieleza kwamba nchi changa haikuwa na fedha za kugharimia huduma zote bure kwa wakati mmoja.

Hoja hiyo ya fedha ilikuwa na ukweli wake, kwani taifa lilikuwa na madaktari wachache na kodi kidogo. Lakini waraka huo ulichukua hatua nyingine iliyoiumiza kaskazini. Uliamua kwamba fedha za maendeleo ziwekezwe kwanza katika maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, ambako zingeleta mavuno ya haraka, na faida ya huko isambazwe kwingine baadaye. Turkana haikuwa na sifa hizo.

Mgogoro juu ya nani asaidiwe na nani ajisaidie ulizuka hata kati ya Kenyatta na waliofungwa naye. Kaggia, aliyevunja mawe Lokitaung, aliacha wadhifa wa waziri msaidizi mwaka 1964 kwa kutetea maskwota na wasio na ardhi. Alitaka wapewe ardhi bila kulipishwa.

Kenyatta hakukubaliana naye. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara huko Kandara, alimkejeli Kaggia mbele ya umati kwa kutojiendeleza, akimlinganisha na wenzake wa Kapenguria waliokuwa wamepata mali. Kwake, uhuru ulikuja na kazi, na mtu mzima alipaswa kujitafutia. Kaggia alihamia chama cha KPU cha Jaramogi Oginga Odinga mwaka 1966, akapoteza kiti chake, na kuishi maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka 2005.

Badala ya ruzuku, Kenyatta alihimiza Harambee. Wananchi walichanga na kujenga shule na zahanati kwa maelfu, jambo ambalo lilibadili sura ya vijiji vingi. Lakini Harambee ilistawi palipokuwa na cha kuchanga. Maeneo ya kahawa na majani chai yalijenga mengi, nayo maeneo ya wafugaji yakajenga machache.

Wakati huo Kenyatta mwenyewe alikuwa akizeeka. Mwaka 1966 alipatwa na mshtuko wa moyo, na mwaka 1968 akaugua kiharusi alipokuwa Mombasa. Alipona, lakini nguvu zake zilipungua. Hakupenda kulala katika Ikulu ya Nairobi, akawa anarudi nyumbani kwake Gatundu, ambako madaktari na wahudumu wa serikali walimwangalia kwa karibu.

Kwa mara ya pili, basi, hazina ya umma ikawa inagharimia matunzo yake nyumbani. Safari hii alistahili kama mkuu wa nchi. Maradhi yake yalizaa sheria haraka. Mwaka 1968 Bunge lilibadilisha Katiba na kuweka utaratibu wa Makamu wa Rais kushika madaraka kwa siku 90 endapo Rais angefariki. Uzee wa mtu mmoja uliwashughulisha wabunge vya kutosha, lakini uzee wa wananchi wa kawaida haukupata mswada wake.

Dalili za pengo hilo zilionekana mapema. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya na kuonyesha jinsi umati wa watu ulivyojipatia riziki nje ya ajira rasmi. Watu hao ndio ambao hazina zilizojengwa juu ya mshahara hazikuwafikia.

Mzee Jomo Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, katika Ikulu ya Mombasa. Alizikwa Agosti 31 katika uwanja wa majengo ya Bunge, Nairobi. Makamu wake, Daniel arap Moi, alishika madaraka kwa muda kama sheria ile ya 1968 ilivyotaka.

Miaka miwili baadaye ukame mkali uliwaangamiza mifugo wa Turkana, na maelfu ya watu wakakimbilia kambi za chakula. Desturi ambayo serikali iliitegemea ikaonyesha mpaka wake. Familia iliyopoteza ng'ombe, mbuzi na ngamia ilibaki na upendo kwa wazee wake, lakini haikuwa na maziwa ya kuwapa. Vijana walipofuata malisho ya mbali, wakongwe waliachwa karibu na vituo vya msaada.

Lokichoggio ilipata hospitali kubwa katika miaka hiyo, ila kwa sababu nyingine. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya Lopiding kuwatibu majeruhi wa vita vya Sudan. Ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Mwaka 1989, kwa upande mwingine, serikali ilirejesha malipo katika hospitali za umma, na zawadi ya 1965 ikafikia kikomo.

Ilichukua hadi mwaka 2009 kwa mzee wa Turkana kuanza kupokea fedha za mara kwa mara kupitia mpango wa kukabiliana na njaa, HSNP, uliofadhiliwa na Uingereza kwa ushirikiano na serikali ya Kenya. Kaya zililipwa Sh2,150 kila miezi miwili. Katika baadhi ya maeneo, malipo yalitolewa kwa kila aliyefikisha miaka 55.

Katiba ya mwaka 2010 ilikwenda mbali zaidi. Kifungu cha 43 kinaitaka serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu, na kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kutunzwa na kusaidiwa na familia na serikali kwa pamoja. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, wajibu ambao Kenyatta aliuacha kwa ukoo ulipogawanywa katika sheria kuu ya nchi.

Mwaka 2011 ulianza mpango wa kuzilipa familia zenye watu wenye ulemavu mkali, wanaohitaji mtu wa kuwalisha, kuwaosha na kuwageuza kitandani wakati wote. Fedha hizo hupokelewa na mlezi kwa niaba yao, na ndizo zilizokaribia zaidi malipo ya serikali kwa matunzo ya nyumbani. Sheria ya Misaada ya Kijamii ilifuata mwaka 2013.

Mwaka 2018 malipo ya Sh2,000 kwa mwezi yalipanuliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kote nchini, bila kuuliza kama waliwahi kuajiriwa. Rais aliyesimamia hatua hiyo alikuwa Uhuru Kenyatta, mwana wa Mzee na Mama Ngina, aliyezaliwa Oktoba 1961, miezi miwili baada ya baba yake kuachiliwa.

Mwaka huo pia, mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee ulifikishwa katika Seneti. Mwaka 2023 serikali ilituma wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 kuzuru familia vijijini na mijini. Hatua hizo zimeleta fedha na ushauri hadi mlangoni. Mikono ya kumwinua mzee, kumwogesha na kumpikia ingali, kwa sehemu kubwa, ya binti, mkaza mwana na mjukuu wasiolipwa.

Kenyatta aliilinda heshima ya ukoo wa Kiafrika wakati wageni walipoibeza, na historia itamkumbuka kwa hilo. Lakini aliuamini ukoo huo kupita kiasi pale alipoufanya kuwa mbadala wa bajeti. Wilaya iliyomhifadhi akiwa mzee na mnyonge ndiyo iliyosubiri zaidi kuona serikali ikiwahudumia wazee wake, na kutoka Lodwar hadi Lokichoggio, yapata kilomita 200 za barabara, kungali na wakongwe wanaomtegemea mjukuu mmoja.